Ufunguo wa Mfuko wa Jamii



Tangu mavuno yaliyopita, katika kata tatu za bonde letu yamekuwapo mazungumzo ya kuanzisha mfuko wa kudumu wa jamii. Mazungumzo hayo yamefika mahali pazuri. Rasimu ya katiba imekwisha kuandikwa, na wana wa huku walioko mijini wamekwisha kuahidi michango yao. Yuko hata mfadhili wa nje aliyesema kwamba kwa kila shilingi itakayotolewa na wananchi wenyewe, naye ataongeza shilingi moja juu yake. Hayo yote ni ya kushukuriwa. Hata hivyo mkutano wa kuipitisha rasimu umekaribia, na ndani ya rasimu yenyewe yamo mambo ambayo tukiyanyamazia leo tutayalilia baadaye. Kwa sababu hiyo Tume imeonelea kwamba toleo hili lizungumzie jambo hilo moja, nayo imeniachia mimi kazi ya kuliandika.

Nitaanza na kosa ambalo nami nilishiriki.

Nilipokuwa padre kijana, miaka michache baada ya kupewa daraja, nilitumwa kuwa paroko msaidizi katika parokia moja ya vijijini ambayo sitaitaja. Wakati ule shule za sekondari za kata zilikuwa zimekwisha kuenea, na ada ya mwanafunzi wa kutwa katika shule ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Kwa mtu mwenye mshahara, hicho si kiasi cha kusimulia. Kwa mjane mwenye nusu ekari ya mahindi, zilikuwa fedha za kutosha kumbakiza mtoto nyumbani. Basi wananchi wakaanzisha mfuko wa ada. Kila kaya ilitoa madebe mawili ya mahindi kila mavuno. Mahindi yaliuzwa, fedha zikawekwa benki, na ilikubaliwa kwamba mtoto wa kaya iliyochanga akifaulu kuingia kidato cha kwanza na wazazi wake wakashindwa, mfuko utamlipia.

Kamati ilikuwa ya watu watano, wote waheshimiwa. Mwenyekiti alikuwa mzee ambaye hakukosa msiba wa mtu yeyote, wala hapakuwa na ugomvi wa mipaka ambao hakuitwa kuusuluhisha. Mimi niliitwa mlezi wa mfuko. Kwa kuwa kufungua akaunti ya kikundi kulitaka safari nyingi za mjini na mihuri mingi, fedha ziliwekwa katika akaunti ya mtu mmoja, kwa muda tu. Muda huo ukawa miaka mitatu. Katika mwaka wa tatu fedha zilikopeshwa, pasipo kikao, kwa biashara ya mazao ya jamaa wa mmoja wa wanakamati. Bei ikaanguka, biashara ikafa, na mfuko ukafa nayo. Hakuna aliyevunja kufuli usiku. Hakuna hata aliyejenga nyumba kwa fedha zile. Ziliyeyuka mchana, mikononi mwa watu wema, kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye ujasiri wa kuwauliza watu wema.

Siku moja baada ya Misa bibi mmoja alinisubiri penye mlango wa sakristia. Mjukuu wake alikuwa amefaulu. Aliniuliza, “Baba, mahindi yangu yako wapi?” Nikamjibu kwamba mambo yale yalikuwa ya kamati, aende akawaulize wao. Akasema, “Nimetoka huko. Wamesema nije kwako, wewe ndiwe mlezi.” Nilimpa ile shilingi 20,000 kutoka mfukoni mwangu, na mtoto akaenda shule mwaka ule. Nilidhani nimetenda tendo la huruma. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba nilikuwa nimemnyang'anya kitu cha pili baada ya mahindi yake. Alikuja kudai haki, nami nikamrudisha nyumbani na sadaka. Mwaka uliofuata nilihamishwa, naye hakuwa na mlango mwingine wa kusubiri.

Nimelisimulia hili kwa sababu katika mazungumzo ya miezi hii nasikia watu wakiusifu mfuko kwa fedha utakazokuwa nazo. Fedha ni lazima, sikatai. Lakini mfuko ule wa mahindi haukufa kwa kukosa fedha. Ulikufa kwa sababu yule aliyetoa, ambaye ndiye pia aliyestahili kupokea, hakuwa na mahali pa kuuliza. Mfuko wowote wa jamii utapimwa hapo kabla ya kupimwa penginepo.

Yafaa sasa tueleze tunasema juu ya kitu gani, maana maneno yamechanganyika. Mfuko wa jamii si mchango wa harusi au wa msiba. Si upatu, si VICOBA, wala si chama cha kuweka na kukopa. Hivyo ni vyombo vya wanachama na faida yake hurudi kwa wanachama. Mfuko wa jamii ni mali iliyotolewa na watu wengi, wakubwa kwa wadogo, ikawekwa chini ya wadhamini, ili mtaji wake usiliwe na faida yake iwafae watu wote wa mahali fulani kwa miaka mingi, hata wasiochanga, hata wasiozaliwa bado.

Wenzetu Waislamu wa pwani waliijua kanuni hii karne nyingi kabla ya benki. Mtu mwenye nyumba au shamba la minazi aliliweka wakfu, na tangu siku hiyo shamba lile halikuuzwa, halikurithiwa wala halikutolewa zawadi. Mazao yake yalikwenda kwa msikiti, kwa wanafunzi au kwa maskini. Hata leo Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana yenye kusimamia mali za namna hiyo. Sisi Wakatoliki tumelichukua neno lilelile tukalitumia kwa altare na kwa watawa. Twajua, basi, maana ya kitu kilichowekwa wakfu: kina kazi yake, na mwenyekiti hawezi kukikopa kwa wiki mbili.

Katika sura yake ya kisasa, chombo hiki kina tarehe ya kuzaliwa. Tarehe 2 Januari 1914, katika jiji la Cleveland nchini Marekani, mwanasheria aitwaye Frederick Goff, aliyekuwa mkuu wa benki iliyotunza amana za watu, alianzisha mfuko ambao wengi huuhesabu kuwa wa kwanza wa aina hii duniani. Kilichomsumbua hakikuwa uchache wa fedha. Zilikuwapo mali nyingi za matajiri waliokufa, walioacha wosia kwamba mali hiyo isaidie jambo fulani, na jambo hilo tu, milele. Miaka ikapita, shida ile ikaisha au ikabadilika, na fedha zikabaki zimefungwa katika mkono wa marehemu huku shida mpya zikibisha hodi. Goff akashauri kwamba mali za namna hiyo ziunganishwe pamoja. Benki itunze mtaji. Lakini uamuzi juu ya matumizi ya faida uwe wa kamati ya raia. Na katika kamati ile ya watu watano, benki ilijiwekea haki ya kuteua wawili tu. Wengine waliteuliwa na meya wa jiji na majaji, kila mmoja kwa nafasi yake.

Tazama vizuri alichokifanya mtu yule. Alikuwa na fedha mkononi na angeweza kuiita kamati ya rafiki zake. Akaugawa ufunguo makusudi, ili asiwepo mmoja, hata yeye mwenyewe, awezaye kufungua peke yake. Tena, katika miaka ile ya kwanza, kabla ya kuwa na fedha nyingi za kugawa, mfuko ulifanya kazi ya kuuliza. Uliagiza uchunguzi wa shule za umma za jiji mnamo 1915 na 1916, na baadaye, mnamo 1921 na 1922, uchunguzi wa mahakama za jinai. Tangu wakati huo mifuko ya jamii imezidi elfu moja katika nchi za mabara yote, na sifa yake njema hutokana na kazi hiyo ya pili sawa na ile ya kugawa fedha: kuijua hali ya mahali pake kuliko mtu mwingine yeyote.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wamarekani. Basi na tuuangalie ule mfuko wa mahindi. Januari 2016 serikali yetu ilifuta ada katika shule zake za sekondari hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaifuta pia kwa kidato cha tano na cha sita. Kama mfuko wetu ungekuwa hai siku ile, ungejikuta una fedha na hauna kazi, kwa maana katiba yake ilisema “ada” na haikusema neno lingine. Na watoto wangekuwa bado wanatembea saa mbili kwenda shule bila kitu tumboni, wasichana wangekuwa bado wanapanga vyumba karibu na shule bila mtu mzima wa kuwaangalia, na mtoto asiyeweza kutembea angekuwa bado yuko nyumbani. Mkono wa marehemu upo hata kwetu. Sasa soma ibara ya nne ya rasimu iliyo mbele yetu: fedha za mfuko “zitatumika kujenga madarasa ya sekondari na si vinginevyo”. Naelewa nia ya waliouandika mstari huo. Wanaogopa fedha zisitawanyike. Lakini watakaokuja baada yetu watakuwa na akili kama zetu, na shida tusizozijua. Ibara hiyo itaje madhumuni kwa upana, yaani ustawi wa watu wa kata hizi tatu na kwanza wale walio wanyonge, na wadhamini wa kila wakati wawajibike kuwasikiliza watu kabla ya kuamua shida ya mwaka huo ni ipi.

Kuna mashaka mengine ambayo siwezi kuyapita, kwa sababu nimeyasikia kwa wazee na nadhani wana haki nayo. Wanasema, “Tumekwisha kuchanga sana katika nchi hii.” Ni kweli. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, kikiwamo kile cha KNCU kule Kilimanjaro ambacho wakulima wa kahawa walikiunda mwaka 1933, na kazi zao zikakabidhiwa mamlaka za mazao. Kisha sheria za mwaka 1982 zikavirudisha vyote viwili. Mkulima hakuulizwa wakati wa kufuta, wala hakuulizwa wakati wa kurudisha. Akajifunza somo moja, kwamba chombo kinachoitwa chake kinaweza kuondoka na kurudi kama mvua, na kwamba kazi yake yeye ni kungoja.

Katika miaka hiyo ya 1980 ikaja pia mifuko ya maendeleo ya wilaya, iliyokuwa na nia ya kujenga sekondari ambazo serikali haikuweza kuzijenga. Tusiidharau. Kwa juhudi za mifuko hiyo, za makanisa na za wazazi, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 sekondari zisizo za serikali zilikuwa nyingi kuliko za serikali, na wapo wengi wanaosoma ukurasa huu ambao wasingefika kidato cha kwanza bila shule hizo. Lakini nakumbuka, nikiwa mtoto, baba yangu akirudi kutoka ghala la chama na karatasi yake ya malipo ya kahawa, akituonyesha kwa kidole mstari wa makato: “Na hii ni ya mfuko.” Hakusema kwa uchungu wala kwa furaha. Alisema kwa sauti ileile aliyotumia kutuambia kwamba panya wameingia ghalani. Mfuko ulikuwa wake, naye hakujua mwenyekiti wake ni nani.

Jirani zetu wa Kenya wamepita njia inayofanana na hiyo. Harambee, iliyohimizwa tangu uhuru wa mwaka 1963, ilijenga shule na zahanati nyingi kwa nguvu za watu, kisha ikageuka polepole kuwa jukwaa la wanasiasa kuonyesha mabunda ya noti mbele ya umati, hata ikabidi sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 iwawekee viongozi mipaka katika michango hiyo. Nchini humo humo, mwaka 1997, ulianzishwa mfuko wa maendeleo ya jamii ujulikanao kwa herufi KCDF, ukisaidiwa mwanzoni na mashirika ya Ford na Aga Khan. Waasisi wake waliona kwamba ukarimu haukuwa haba. Kilichopungua ni chombo cha kuufanya ukarimu udumu zaidi ya siku moja ya makofi. Kwa hiyo wakajenga utaratibu wa mtaji wa kudumu, ambamo vikundi vya wananchi huweka fedha zao wenyewe na kutumia faida. Mtu akitoa hadharani kwa kipaza sauti, wanaopokea humshukuru. Akitoa katika mtaji usioguswa, atashukuriwa na watu ambao hatawaona, nao watakuwa huru kuuliza kwa sababu hawamwogopi.

Sasa nirudi kwenye rasimu, na kwanza kwenye ibara ya wadhamini, kwa kuwa hapo ndipo penye ufunguo.

Rasimu inataja wadhamini tisa, na inawataja kwa vyeo. Yumo diwani, yumo paroko, mchungaji, shehe, mkuu wa shule, wawakilishi wawili wa walioko mijini, mfanyabiashara mmoja na mzee mmoja maarufu. Haikusema watakaa kwa muda gani. Niwie radhi, ndugu msomaji, lakini ile ni orodha ya watu wa meza kuu. Ni watu walewale wanaokaa mbele katika kila shughuli, na kila mmoja wao ana sababu ya kutomuuliza mwenzake, maana kesho atamhitaji kwa jambo lingine. Hakuna humo mwanamke anayelima. Hakuna kijana, wala mtu mwenye ulemavu, ingawa hao ndio rasimu inaowataja katika utangulizi kuwa mfuko unaanzishwa kwa ajili yao.

Pendekezo letu ni hili. Wadhamini wachaguliwe na kuteuliwa kwa njia mbalimbali: wengine na mikutano ya vijiji, wengine na vikundi vya akina mama na vya wakulima, wengine na jumuiya za dini zikikaa pamoja, wachache na wachangiaji walio mbali. Pasiwe na upande mmoja wenye wingi wa viti. Kila mdhamini akae miaka mitatu, na akirudiwa mara moja, apumzike. Na kwa upande wetu makleri, nasema wazi ili nisije nikadaiwa baadaye: padre asiwe mwenyekiti wa mfuko huu, wala asiwe mtunza hazina. Watu wetu wanaona haya kumuuliza padre habari ya fedha. Heshima hiyo ni nzuri kwa roho zao na ni mbaya sana kwa daftari. Mtume Paulo, alipopeleka michango ya Makanisa kwa maskini wa Yerusalemu, hakutaka kuibeba peke yake. Alitaka waende pamoja naye ndugu waliochaguliwa na Makanisa yenyewe, asije mtu akamlaumu. Kama Paulo aliona haja hiyo, sisi ni nani?

Jambo la pili ni mtaji. Nimewasikia watu wakipiga hesabu hivi: tukipata shilingi milioni 40 na kuziweka katika hati fungani za serikali, na tuseme zikatuletea asilimia 10, tutakuwa na milioni 4 za kutumia kila mwaka. Hesabu hiyo ina kasoro. Kama bei za vitu zinapanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, basi shilingi 1,600,000 katika hizo si faida. Ni gharama ya kuufanya mtaji ubaki na nguvu uliyokuwa nayo, nayo hairuhusiwi kuliwa. Zinabaki 2,400,000. Toa gharama ya mkaguzi, nauli za wadhamini na karatasi, na huenda zikabaki kama milioni 2 kwa kata tatu. Hicho ni kiasi kidogo, na yafaa watu wakijue mapema kuliko kukigundua baada ya mwaka na kudhani wameibiwa. Milioni 2 zinaweza kununua viti mwendo vichache, au kuongezea nguvu uji wa shuleni kwa muhula, au kulipa fundi wa kisima. Haziwezi kumaliza umaskini, na asiyewaambia watu hivyo anawadanganya.

Kwa sababu hiyo ile ibara inayowaruhusu wadhamini kugusa mtaji “wakati wa dharura” iondolewe. Niambieni ni mwaka gani umepita hapa pasipo dharura. Na wazo la kununua gari la mfuko kutokana na fedha za mwanzo, ambalo nimelisikia likitajwa kwa sauti ya chini, lisitajwe hata kwa sauti hiyo.

Juu ya mfadhili wa nje, neno fupi. Kuongezewa shilingi kwa shilingi ni utaratibu mzuri, kwa sababu unaheshimu kile ambacho wananchi wametoa wenyewe. Lakini barua yake inaomba pia nafasi ya kuidhinisha kila mradi. Aombwe kwa upole aiondoe. Kanisa limefundisha tangu waraka wa Papa Pius XI wa mwaka 1931 kwamba ni kosa dhidi ya haki kwa chombo cha juu kujitwalia kazi ambayo chombo cha chini kinaweza kuitenda. Ndiyo kanuni tuiitayo auni. Twapenda kuitumia tunapozungumza na serikali. Inawahusu wafadhili vilevile, na inawahusu ndugu zetu wa mijini, ambao baadhi yao wanadhani anayechanga laki tano ana sauti tano mbele ya anayechanga elfu moja.

Pia tusiruhusu mfuko utumike kama kisingizio. Ziko kazi za kodi, na kodi tunalipa. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro zake, kisha ukaanzishwa upya. Siku ofisa atakapomwambia kikundi cha akina mama kwamba “ninyi mna mfuko wenu”, wadhamini hawana budi kwenda pamoja nao ofisini, si kuwafungulia kasha. Kujua haki za watu na kuwasindikiza kuzidai ni msaada ambao haupunguzi mtaji hata senti.

Kuhusu dini, kabila na chama, rasimu inasema vizuri na sina la kuongeza.

Imebaki habari ya kuuliza. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, lakini mfuko wa mahindi ulikuwa na daftari. Lilikuwa kabatini, limefungwa. Kwa hiyo tunaomba hesabu za mfuko ziandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa kila baada ya miezi mitatu kwenye ofisi za vijiji, makanisani na misikitini, zikionyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Zisomwe kwa sauti mara mbili kwa mwaka katika mkutano, maana si wote wanaosoma. Mtu yeyote mkazi wa kata hizi, awe amechanga au hakuchanga, awe na haki ya kuuliza na kujibiwa kwa maandishi katika siku 14. Aliyenyimwa msaada aelezwe sababu. Na anayeuliza asiitwe mkorofi. Nimeona katika mikutano mingi jinsi neno hilo linavyowanyamazisha watu kwa miaka. Kuandikishwa kwa wadhamini chini ya Sheria ya Wadhamini, Sura ya 318, ambayo asili yake ni ya mwaka 1956, kunakofanywa na RITA, ni lazima na kutatupa uwezo wa kumiliki mali na kufungua akaunti kwa jina la mfuko. Kufanyike kabla ya shilingi ya kwanza kupokelewa. Sitaki kusikia tena maneno “kwa muda tu”.

Wapo wanaotuambia kwamba masharti mengi yatawavunja moyo waliojitolea. Huenda mmoja au wawili watavunjika moyo. Katika Kanisa la kwanza wajane wa upande mmoja walinung'unika kwamba wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, na Mitume hawakuwakemea kwa kunung'unika; waliita mkutano, na watu wakachagua saba wa kuisimamia kazi ile. Yale manung'uniko ndiyo yaliyoleta utaratibu.

Nakala za rasimu zipo katika ofisi za watendaji wa kata zote tatu, na nyingine ziko kwa makatibu wa Tume katika kila parokia. Mkutano ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, uwanja wa shule ya msingi iliyo karibu na daraja, saa tatu asubuhi. Akina mama waliotuambia kwamba saa hizo wako shambani tumewapelekea ujumbe kwa waandaaji, na tumeahidiwa kwamba hakuna kura itakayopigwa kabla ya saa saba mchana. Ukipata nakala, fungua ukurasa wa tatu. Penye orodha ya wadhamini kuna mistari tisa, na saba kati yake imekwisha kujazwa kwa penseli.